Uji Chini ya Chisamila

Jumatatu asubuhi Nyemo Chidosa alifungua chumba cha pampu chini ya Mnara wa Nne, akaona kwenye kioo cha mashine kwamba tangu jana mnara ulikuwa umekunywa mita za ujazo kumi na moja za uji. Aliisoma tarakimu ile mara mbili. Siku za kawaida mnara ulikunywa nusu mita. Hata masika, udongo ulipovimba, haukuwahi kuvuka mita mbili.

Alitazama mstari wa chini yake. Mwinamo: sifuri. Ghorofa kumi na nane, wakazi mia sita na kumi na wawili, na mnara ulikuwa wima kama siku ulipokabidhiwa.

Nyemo alikuwa na miaka thelathini na minne, na kazi yake iliitwa fundi timazi. Alipokuwa shule kazi hiyo haikuwapo. Ilianza baada ya Dodoma kujaa, miinuko yote yenye mwamba ilipokwisha kujengwa na mji ukateremka mabondeni kwenye udongo mweusi. Wajenzi wa zamani hawakuthubutu kuweka hata ghorofa moja juu ya udongo ule, kwa sababu mvua ikinyesha huvimba, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwiko. Ndipo ikaja mashine iliyoitwa Timazi. Kila mnara wa mradi wa Upeo ulisimama juu ya nyayo sitini na nne za chuma. Unyayo mmoja ukizama upana wa unywele, Timazi ilihisi, ikasukuma uji chini yake mpaka ukapanda tena. Uji wenyewe mashine ilijitengenezea. Mabomba membamba, ambayo mafundi waliyaita mizizi, yalijichimbia njia ardhini, yakanyonya udongo na maji, yakavileta kwenye tangi vikachanganywa na dawa. Sheria ya mizizi ilikuwa moja tu: inyonye mahali ambapo ramani inasema hapana mtu.

Simu ya ukutani ililia. Alikuwa Mosi, mlinzi wa getini.

"Dada Nyemo, kuna mtu hapa amekuja na mpira wa maji begani. Anasema haondoki mpaka aonane na anayeunyoosha mnara."

Mtu huyo alikuwa amevaa shati la buluu lenye saruji iliyoganda mikunjoni. Alijitambulisha kwa jina la Ndahani, mwenyekiti wa mtaa wa Chisamila, mwenye kiwanda kidogo cha kufyatua matofali. Chisamila ulikuwa mtaa wa nyumba za bati nyuma ya ukuta wa Upeo, pamoja na shamba lake la zabibu na shule yake ya msingi. Nyemo aliuona kila siku kutoka ghorofa ya kumi na moja alikoishi, lakini hakuwahi kuingia.

"Sikuja kugombana," Ndahani alisema. "Nataka uje uone kitu, halafu uniambie mimi ni mjinga."

Alimpeleka kwenye darasa la tatu. Watoto walikuwa wanaandika, wakainuka wote kumwamkia mgeni, wakaketi. Ndahani alinyoosha mpira wake, wa plastiki nyeupe ya kuona ndani, akaujaza maji, akampa Nyemo ncha moja aishike kwenye ukuta wa mbele, naye akaenda na nyingine ukuta wa nyuma. Kwenye kuta zote mbili palikuwa na mstari wa penseli ya fundi, umefifia.

"Mistari hii nimeichora mimi, mwaka tulipojenga. Ilikuwa sawasawa. Sasa yaweke maji kwenye mstari wako."

Nyemo aliyaweka. Kwenye ukuta wa nyuma maji yalisimama juu ya mstari kwa upana wa kiganja. Nusu ya darasa ilikuwa imeshuka na watoto wake.

"Tangu lini?"

"Nimeanza kuona baada ya Pasaka. Mlango wa kwangu nimeukata chini mara tatu ili ufunge. Jirani yangu ameacha kukata, analala wazi." Alikuwa anauzungusha mpira begani polepole. "Nilikwenda ofisi ya ardhi. Wakaniambia mtaa wetu haujapimwa, kwa hiyo hawana namba ya kufungulia jalada. Nikauliza, na nyumba zikianguka? Wakasema watakuja kuangalia."

Nyemo aliwahesabu watoto kabla hajatoka. Walikuwa hamsini na mmoja.

*

Alirudi chumba cha pampu, akafungua ramani ya mizizi. Hakuwa ameitazama kwa miezi mingi; kazi yake ilikuwa mwinamo, na mwinamo ulikuwa sifuri. Ramani ilitokana na ile ya jiji. Viwanja vilivyopimwa vyenye wakazi vilikuwa vya manjano. Eneo lisilo na mtu lilikuwa la kijivu. Chisamila yote, shule, kanisa, msikiti na mashamba ya zabibu, ilikuwa kijivu. Chini yake mizizi ya Mnara wa Nne ilikuwa imetanda, mingine imefika mita mia saba, minene zaidi chini ya shule, ambako udongo ulikuwa laini na mwepesi kuvuta.

Alipanda kwa Injinia Kabuche, msimamizi wa ujenzi wa Upeo nzima. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza akiwa amefumba macho, na ndiye aliyempa Nyemo kazi. Alimsikiliza hivyo mpaka mwisho.

"Ramani si yetu," akasema. "Ni ya jiji. Mimi si ofisi ya ardhi, Nyemo."

"Timazi ina mahali pa kuongeza nyumba kwa mkono. Tuongeze."

"Tukiongeza, mizizi itaondoka pale. Mnara wa Nne umekaa juu ya mkondo wa mto wa kale, unazama kuliko yote. Ukikosa udongo wa karibu utainama. Ukiinama tutawatoa watu mia sita na kumi na wawili. Hao nina majina yao, wana mikataba, wengine ni wagonjwa. Huko nyuma kuna wangapi? Unajua?"

"Darasa la tatu peke yake ni hamsini na mmoja."

Kabuche alifumbua macho. "Umewahesabu."

"Ndiyo. Na wewe ulijua, Injinia?"

Kabuche aligeukia dirisha. "Siku ya kuwasha mashine niliuliza kama pale pana watu. Nikaambiwa ramani inasema hapana. Nilikuwa nimesimama dirishani na nilikuwa naona moshi wa majiko. Ningeandika wapo, mnara usingejengwa." Akaweka mikono mezani. "Nipe muda. Tukikabidhi Mnara wa Nane mwezi ujao, nitawaomba wakubwa wawahamishe vizuri. Nakuahidi. Na usisahau mzee wako anaishi Mnara wa Nne."

Aliyasema maneno ya mwisho kwa upole ule ule.

*

Nyemo hakungoja mwezi ujao. Kwa siku mbili, kila baada ya kazi, alizunguka Chisamila na Ndahani, nyumba kwa nyumba, kifaa cha kupimia mkononi. Mashine ilitaka mahali nyumba ilipo na idadi ya watu wanaolala humo. Wengine walidhani ni sensa, wengine walidhani wanaandikwa ili wafukuzwe, na mama mmoja aliwaficha wajukuu zake chumbani mpaka Ndahani alipomwita kwa jina la mumewe marehemu na kumsihi. Nyumba mia moja arobaini na tatu. Watu mia saba tisini na mmoja.

Jumatano jioni aliziingiza zote. Kioo kikauliza kama ana hakika, akajibu ndiyo. Chisamila ikageuka manjano mbele yake, na mizizi ikaanza kurudi nyuma, polepole kama vidole vinavyoachia kitu.

Usiku huo hakulala. Aliweka glasi ya maji mezani akaitazama mpaka asubuhi, na maji hayakuegemea upande wowote. Kesho yake mwinamo ulikuwa sifuri. Keshokutwa pia. Unywaji wa uji ulishuka hadi mita moja, kwa kuwa udongo wa jirani ulikuwa umeacha kuvutwa. Kabuche alikutana naye kwenye korido akamwambia, "Umefanya ulichotaka na mnara umesimama. Tuyaache hapo." Nyemo alishangaa kwamba Injinia hakukasirika.

Alitaka kuamini kwamba yamekwisha. Hakuifungua tena ramani ya mizizi. Baadaye aliulizwa mbele ya watu kwa nini hakuifungua.

Jumanne iliyofuata, saa sita mchana, sakafu ya jiko la kambi ya mafundi ilifunguka.

Kambi hiyo ilikuwa nyuma ya Mnara wa Nane, safu za mabanda ya mabati walimolala mafundi wa nondo, wa zege na wa rangi, watu mia nne waliotoka kila mkoa. Mpishi wao aliitwa Asteria, mwanamke wa Kigoma mwenye sauti nene, aliyekuwa anawajua wote kwa kiasi wanachokula. Alikuwa anasonga ugali wa watu mia mbili. Waliokuwa kwenye foleni walisema hawakusikia kishindo. Walisikia kama mtu anavuta pumzi, kisha sufuria, moto na Asteria vikawa havipo.

Nyemo alifika wakati wanamtoa. Shimo lilikuwa la urefu wa watu wawili, kuta zake laini kama zilizochongwa kwa kijiko, na humo ndani mlitoka harufu kali ya dawa ya uji. Aliijua kama anavyojua harufu ya nyumba yake. Asteria alikuwa bado anapumua. Alifariki garini kabla hawajafika hospitali.

Nyemo alirudi chumba cha pampu akaifungua ramani. Mizizi iliyotoka Chisamila ilikuwa imekwenda kwenye kijivu kilichobaki. Kambi ya mafundi ilikuwa kijivu, kwa sababu mabanda ya muda hayaandikwi. Mzizi mmoja mrefu ulikuwa tayari unaelekea uwanja wa gulio la Jumamosi. Mwingine ulikuwa unaelekea mabanda ya wafugaji kando ya reli. Alisogeza ramani mpaka akaona mji wote. Minara ya namna ile ilikuwa arobaini sasa, katika miradi mitano, kila mmoja umezungukwa na manjano kidogo na kijivu kingi, na kila palipokuwa na kijivu palikuwa na mizizi.

Alikaa pale mpaka taa ya chumba ikajizima yenyewe kwa kukosa mtu anayesogea. Angeweza kuandika kambi. Angeweza kuandika gulio, kisha wafugaji, kisha waliojenga jana na watakaojenga kesho, na mashine ingemtangulia kila siku. Asteria alikufa kwa sababu yeye aliiondoa mizizi Chisamila bila kuuliza inakwenda wapi. Alilisema jambo hilo kwa sauti, peke yake gizani, ili alisikie.

*

Baba yake, mzee Chidosa, alikuwa ameketi karibu na dirisha la ghorofa ya kumi na moja, mrija wa oksijeni puani. Alikuwa ameponda mawe kwenye machimbo ya kokoto kwa miaka thelathini, na vumbi la mawe yale lilikuwa limeganda kifuani mwake. Humu madirisha yalichuja hewa. Tangu wahamie alikuwa ameongezeka kilo nne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa. Uso wako una nini?"

Alimweleza yote, tangu mpira wa maji hadi Asteria. Kisha akamwambia anachotaka kufanya. Kwenye chumba cha pampu palikuwa na gurudumu la chuma la kufungia uji kwa mkono. Likifungwa, king'ora hulia, lifti husimama, na mnara huanza kuzama. Kama mvua haijanyesha, ungekaa siku mbili kabla ya kuwa hatari, na siku mbili zinatosha kuwatoa watu. Lakini uji uliosimama huganda kwenye mabomba baada ya muda wa saa sita, na ukishaganda hakuna wa kuuwasha tena. Kabla ya saa hizo sita kupita, yeyote angeweza kulifungua gurudumu, na kila kitu kingerudi kama kilivyokuwa.

"Kwa hiyo nitajifungia humo kwa saa zote sita," alisema. "Wewe nitakutoa kwanza, kesho asubuhi, kabla sijaanza."

Mzee alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu.

"Utanipeleka wapi?"

"Chisamila. Ndahani ana chumba."

"Chumba cha bati. Na kiwanda cha matofali mlangoni." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Kule chini nilikuwa nalala nimekaa, Nyemo. Miaka mitano nalala nimekaa kama mlinzi. Hapa nalala nimelala. Usinishushe."

"Baba, watu wanakufa."

"Nimesikia. Na mimi ni mtu." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa, na Nyemo hakuwahi kumwona anaogopa. "Sijakuomba kitu tangu mama yako afariki. Sasa nakuomba. Mwandikie mkuu wa mkoa, mwandikie nani, waandikie wote. Lakini mnara uache."

Nyemo alimtandikia kitanda, akamsaidia kulala. Alimsikiliza akipumua, akiwa amenyooka chali, mkono mmoja juu ya shuka. Hakumwahidi chochote, na mzee aliona kwamba hakumwahidi.

*

Asubuhi mzee alikataa kuinuka. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, na mikono ile iliyoponda mawe bado ilikuwa na nguvu. Nyemo alijaribu, akaacha. Upande wa mashariki mawingu ya kwanza ya mwaka yalikuwa yamejikusanya, mazito, ya rangi ya bati kuukuu. Ikinyesha kabla hajafunga, udongo ungevimba na zile siku mbili zingekuwa saa chache.

Alimpigia Ndahani. "Naanza sasa. Baba yangu yuko kumi na moja, chumba cha tatu. Hataki kushuka."

"Tutamshusha."

"Ana mtungi mdogo wa oksijeni chini ya kitanda. Unatosha saa mbili. Msimwache bila mtungi."

"Sawa, dada."

Saa tatu kamili asubuhi alijifungia chumba cha pampu, akavuta komeo, akalizungusha gurudumu mpaka likagoma. Pampu zilipunguza sauti, zikanyamaza. Alikuwa amefanya kazi humo miaka sita na hakuwahi kusikia chumba kile kikiwa kimya. Halafu king'ora kikaanza juu yake, ghorofa baada ya ghorofa.

Kabuche alifika baada ya dakika ishirini. Aliongea kwa simu ya ukutani, na Nyemo alimsikia mara mbili, kwenye simu na nyuma ya mlango.

"Fungua, Nyemo."

"Watoe watu, Injinia. Una siku mbili. Ukianza sasa utawamaliza leo."

"Mlango huu ni wa chuma cha inchi mbili. Mafundi wa kuukata watachukua muda wa saa tano. Unaona? Ninao muda."

"Basi waite."

Akawaita. Nyemo alisikia mashine ya kukatia ikianza kusaga chuma karibu na bawaba. Cheche hazikuonekana bado. Kwenye kioo mwinamo ulikuwa milimita moja, kwa mara ya kwanza tangu mnara ujengwe.

Alipiga simu getini. Mosi alimwambia kwamba watu wa Chisamila walikuwa wamekuja, wanaume sitini wa tofali na akina mama, na kwamba amri ya ofisi ilikuwa wasiingie.

"Na wewe umefanyaje?"

"Nimefungua geti," Mosi alisema. "Asteria alikuwa ananipa ukoko kila mchana."

Watu wa mnara hawakutaka kushuka mwanzoni. Waliona vikombe vyao vimetulia mezani, wakadhani king'ora kimeharibika. Wengine waliwatukana watu wa bati waliowagongea. Lakini lifti zilikuwa zimesimama kweli, na saa tano mwanamke wa ghorofa ya kumi na sita aliweka chungwa sakafuni likajiendea lenyewe mpaka ukutani. Baada ya hapo ngazi zilijaa.

Saa saba Kabuche alirudi kwenye simu. Mashine ya kukatia ilikuwa imepita bawaba ya kwanza.

"Namwona mzee wako kwenye kamera," alisema. "Ameshika fremu ya mlango. Vijana wa tofali wanne wamemzunguka, hawajui wafanye nini. Mrija umemtoka puani. Sikutishi, Nyemo. Nakueleza ninachokiona. Fungua, upande ukamchukue mwenyewe, hakuna wa kukugusa."

Nyemo alisimama. Mkono wake ulifika kwenye komeo, ukakaa hapo. Kama Kabuche alikuwa anasema uongo, basi hapakuwa na sababu ya kufungua. Kama alikuwa anasema kweli, ngazi za ghorofa kumi na moja zingemchukua dakika kumi kupanda, na gurudumu lingefunguliwa kabla hajafika ya pili. Alijua yote hayo, na bado mkono haukutaka kutoka kwenye komeo. Alihesabu pumzi zake kama alivyozoea kuhesabu za baba yake usiku. Kisha akaketi chini, mgongo ukiwa kwenye mlango, na moto wa mashine ya kukatia ukapasha chuma nyuma ya bega lake.

"Injinia," alisema, "mwambie Ndahani mtungi uko chini ya kitanda."

Halafu akasikia Kabuche anaongea na mtu mwingine kwa redio, akimwambia atazame chini ya kitanda.

Saa tisa kasoro robo bawaba ya pili ilikatika, mlango ukaegemea ndani. Mafundi wawili waliingia, Kabuche nyuma yao. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu akalizungusha. Pampu ziliunguruma, zikalalamika, zikajikata. Alijaribu tena. Uji ulikuwa umeganda dakika kumi na tano kabla ya wakati wake, kwa sababu siku ilikuwa ya joto.

Kabuche aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mnara mmoja," alisema. "Hapa Upeo peke yake kuna mingine saba inayofanya kazi."

"Najua."

"Basi umefanya nini?"

Nyemo alimpita akaenda kumtafuta baba yake.

*

Mvua ilinyesha usiku huo, na Mnara wa Nne ulikuwa mtupu. Asubuhi ulikuwa umeegemea upande wa mto wa kale, kiasi cha mtu kuuona hata asipojua anachotafuta. Mapazia ya ghorofa za juu yalikuwa yametoka madirishani yakining'inia mbali na ukuta. Haukuanguka, wala hakuna aliyeweza kusema hautaanguka.

Watu wake walilala Chisamila, madarasani, kanisani, msikitini na kwenye vyumba vya watu ambao wao waliwatukana jana. Wazee watatu walikuwa wameumia kwenye ngazi. Mtoto mchanga mmoja alipotea kwa saa mbili akapatikana mgongoni mwa mke wa Ndahani.

Mzee Chidosa alikuwa kwenye baraza la shule, ameketi wima kwenye kiti, mashine yake imeungwa umeme kwa waya mrefu kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Walimteremsha ghorofa kumi na moja kwenye kiti hicho hicho, amefungwa kwa shuka lake, akiwapiga vijana kwa ngumi mpaka ghorofa ya sita, pumzi zilipomwishia. Usiku kucha alilala amekaa. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu, na kila mara upepo ulipoinua vumbi la kiwandani aligeuza uso.

Hakuwa amemsemesha binti yake tangu jana.

Polisi walikuwa wamempigia Nyemo simu. Waliahidi kufika saa nne, wakamwomba asiondoke mtaani. Alikuwa amempa Ndahani nakala ya ramani yote ya mizizi, ya minara arobaini, na Ndahani alikuwa ameshawatuma watu nayo kwenye mitaa mingine saba ambayo haijapimwa. Hakuwa na kingine cha kufanya. Alichuchumaa mbele ya baba yake, akautengeneza mrija uliokuwa umepinda shavuni.

"Baba, wananifuata saa nne. Mke wa Ndahani atakupikia. Nimemwonyesha dawa zako." Mzee alikuwa anatazama uwanja, ambako watoto wa darasa la tatu na watoto wa mnara walikuwa wamesimama mbalimbali wakitazamana. "Nisamehe," Nyemo alisema.

Nyuma ya ukuta, pampu za Mnara wa Tano zilisikika zikianza kuvuta. Mashine ya oksijeni ilitoa milio yake midogo. Mzee alikusanya pumzi kwa muda mrefu, kama mtu anayejiandaa kuinua kitu.

"Sijakusamehe," alisema. Akavuta pumzi nyingine, akausogeza mguu wake mmoja ili kuacha nafasi kwenye ukingo wa baraza. "Lakini kaa hapa mpaka waje."

Nyemo akaketi.